Mtakatifu Yeronimo, Mfasiri wa Maandiko Matakatifu

Yeronimo alizaliwa karibu mwaka 347 katika Stridon, mji mdogo uliokuwa mpakani mwa Dalmatia na Pannonia, upande wa kaskazini-mashariki ya Italia. Mji huo haupo tena. Wagoti waliuharibu siku za Yeronimo mwenyewe, na mpaka leo wataalamu hawapatani ulikuwa mahali gani hasa. Wazazi wake walikuwa wakristu wenye mashamba na watumwa. Alipokuwa mtoto alipenda kukimbia huku na huku katika vyumba vya watumwa, lakini shule hakuipenda hata kidogo. Hata alipokuwa mzee mwenye mvi alikumbuka bado jinsi alivyoondolewa mapajani mwa nyanya yake, kama mateka wa vita, akapelekwa kwa mwalimu mkali.

Lakini akili zake zilikuwa nyepesi sana. Wazazi wake walipoona hivyo, walimtuma Roma kusoma kwa Donatus, aliyekuwa mwalimu mwenye sifa kubwa katika mambo ya lugha. Huko Yeronimo akajifunza Kilatini kizuri na kusoma vitabu vya watu mashuhuri wa kale, hasa vya Cicero. Vitabu vingine alivinunua, vingine alivinakili kwa mkono wake mwenyewe, maana siku zile hakuna aliyejua kuchapa vitabu kwa mashine. Siku za Dominika yeye na vijana wenzake walizoea kushuka katika mapango marefu yaliyo chini ya Roma, ambamo wakristu wa kwanza walizikwa. Giza la humo lilikuwa kubwa, na makaburi yalikuwa kushoto na kuume. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuchelewesha ubatizo, basi Yeronimo naye hakubatizwa alipokuwa mtoto, ila alipokuwa kijana, huko huko Roma.

Baada ya masomo alikwenda Trier, mji wa kaisari ulio mbali upande wa kaskazini. Wazazi wake walitumaini atapata kazi kubwa ya serikali. Yeye alipata mawazo mengine: alitaka kumtumikia Mungu peke yake, kama watawa wa nchi za mashariki. Karibu mwaka 373 akafunga safari, akaacha nyumba, wazazi na dada. Hata chakula kitamu aliweza kukiacha, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona gumu. Kitu kimoja tu hakuweza kukiacha, nacho ni vitabu vyake. Akavichukua vyote.

Akafika Antiokia katika Siria. Huko rafiki zake wawili walikufa, naye akashikwa na homa kali. Siku zile alikuwa akifunga chakula, na baada ya kufunga alisoma Cicero. Pengine alifungua vitabu vya manabii, lakini havikumpendeza. Maneno yao yalionekana kwake kuwa maneno ya washamba, bila utamu, bila mapambo. Akavifunga, akarudi kwa Cicero wake.

Basi katikati ya Kwaresima, homa ilipozidi hata watu wakaanza kutayarisha maziko yake, aliona ndoto. Aliona amepelekwa mbele ya kiti cha hakimu. Mwanga ulikuwa mkali, hata asiweze kuinua macho. Akaulizwa yeye ni mtu gani, akajibu kwamba ni mkristu. Hakimu akamwambia amesema uongo: yeye ni mfuasi wa Cicero wala si wa Kristu, kwa maana moyo wa mtu uko pale hazina yake ilipo. Akapigwa mijeledi. Akalia, akaomba huruma, akaapa kwamba vitabu vile vya kipagani hatavisoma tena. Alipoamka macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kutoka siku hiyo alisoma Maandiko Matakatifu kwa bidii kuliko alivyosoma vitabu vyo vyote zamani. (Miaka mingi baadaye aliwafundisha watoto vitabu vya Kilatini cha kale, na adui zake wakamcheka wakimkumbusha kiapo chake. Akawajibu kwamba ndoto ni ndoto.)

Kosa la Yeronimo lilikuwa kosa la watu wengi wenye elimu. Alidhani kwamba kama Mungu angeandika kitabu, angekiandika kwa lugha ya mabwana wa Roma. Eklezia inafundisha sivyo. Mungu ndiye mwenye Maandiko Matakatifu, lakini aliwachukua watu wawe waandishi wake. Roho Mtakatifu aliwaangaza akili, akawasukuma moyo, akawaongoza wasikose katika yale aliyotaka yaandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Hakuwafanya kuwa kama kalamu isiyojua inaandika nini. Kila mmoja alibaki mtu mwenye akili zake, lugha yake na tabia yake. Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu, na katika kitabu chake unasikia simba akinguruma na mchungaji akimwokoa kondoo. Isaya anasema kama mtu aliyezoea nyumba za wafalme. Mtakatifu Luka anaeleza mwenyewe kwamba aliuliza habari zote kwa uangalifu kabla ya kuandika. Mtakatifu Paulo alisema, na mtu aitwaye Tertio akaandika barua kwa Waroma. Yeronimo alikuja kuyaeleza mambo haya vizuri kuliko wengi wa wakati wake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amejikwaa hapo.

Alipopona alikwenda kukaa jangwani karibu na Chalcis, katika Siria. Jua lilimchoma hata ngozi yake ikawa nyeusi, akalala chini, akaishi pamoja na nge na wanyama wa porini. Mwili ulikuwa umedhoofika, lakini mawazo yake yalirudi kila mara Roma, kwenye karamu na ngoma. Akaona lazima akili ipewe kazi ngumu. Mtawa mmoja, Myahudi aliyeongoka, akakubali kumfundisha Kiebrania.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kweli. Kiebrania huandikwa kutoka kuume kwenda kushoto. Sauti zake nyingine hutoka kooni, nyingine hupuliziwa menoni, na Yeronimo aliyezoea Kilatini kitamu alisikia kama anatafuna changarawe. Tena siku zile Waebrania hawakuandika herufi kama a, e, i, o, u. Waliandika zile nyingine tu, na msomaji alipaswa kujua mwenyewe. Ni kana kwamba mtu angeandika kwa Kiswahili herufi mbili b na b: je, asome baba, au bibi, au bubu? Katika kitabu cha nabii Habakuki Yeronimo alikuta herufi tatu ambazo zikisomwa namna moja maana yake ni neno, na zikisomwa namna nyingine ni tauni. Zaidi ya mara moja alikata tamaa, akaacha, kisha akaanza tena. Hakujua bado kwamba masomo hayo ya jangwani ndiyo yatakayokuwa kazi ya maisha yake.

Watawa wa jangwa lile walikuwa na magomvi mengi, naye Yeronimo hakuwa mtu wa kunyamaza. Akaondoka. Katika Antiokia askofu Paulinus akampa upadri. Baadaye alikaa Konstantinopoli akamsikiliza Mtakatifu Gregori wa Nazianzi akieleza Maandiko, na mwaka 382 akarudi Roma.

Baba Mtakatifu wakati ule alikuwa Papa Damaso. Alimpenda Yeronimo, akamfanya mwandishi wake, akampa kazi iliyomtisha. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Watu wa Roma na wa Afrika ya kaskazini walisoma kwa Kilatini, lakini tafsiri za Kilatini zilikuwa nyingi, tena hazikupatana. Watafsiri wengine hawakujua Kigiriki vema. Wanakili wengine walisinzia wakaruka mstari. Wengine walijidai kusahihisha, wakaharibu. Mwingine aliyejua Injili ya Marko kwa moyo aliyatia maneno ya Marko ndani ya Injili ya Luka, akidhani Luka amesahau. Hata ikawa karibu kila kitabu kina maneno yake. Papa Damaso alitaka Yeronimo azipange Injili nne kwa kuzilinganisha na vitabu vya kale vya Kigiriki.

Yeronimo aliona mapema yatakayompata. Kila mkristu alikuwa amezoea maneno aliyoyasikia tangu utoto. Akisikia neno moja tofauti, atapiga kelele kwamba Yeronimo ameyaharibu maneno ya Mungu. Ndivyo ilivyokuwa. Naye alijibu kwamba hasahihishi Injili, anasahihisha makosa ya wanakili. Roho Mtakatifu aliwaongoza Matayo, Marko, Luka na Yohane. Hakuahidi kumwongoza kila mnakili mwenye usingizi. Maji yakiwa na matope huku chini mtoni, mtu mwenye akili hupanda mpaka kwenye chemchemi. Tena alifanya kazi kwa kiasi: mahali ambapo maana haikupotea, aliacha maneno ya zamani yalivyokuwa. Mwaka 384 akampa Papa Injili nne zilizokwisha kutengenezwa.

Huko Roma Yeronimo aliwafundisha pia wanawake wa jamaa kubwa waliotaka kuishi kitawa. Marcella alikuwa mjane, naye hakukubali jibu lo lote kabla ya kuuliza tena na tena. Paula alikuwa mjane mwingine, tajiri sana, na binti yake aliitwa Eustochium. Wanawake hao walisoma Maandiko kuliko mapadri wengi wa Roma, na Yeronimo hakuficha neno hilo. Kwa jumla hakuficha neno lo lote. Aliwacheka kwa barua mapadri wenye manukato na nywele zilizopindwa, na barua zake zilisomwa mjini kote. Papa Damaso alipofariki mwezi wa Desemba 384, hakuwa tena na mtu wa kumkinga. Watu walimsingizia mambo mabaya juu ya urafiki wake na Paula. Mwezi wa Agosti 385 akapanda merikebu, akauacha Roma, wala hakurudi tena.

Paula na Eustochium walimfuata na watu wengine kadhaa. Walizunguka Nchi Takatifu, wakafika mpaka Misri kuwaona watawa wa jangwani, kisha mwaka 386 wakakaa Betlehemu, karibu na pango alimozaliwa Bwana wetu. Paula alitoa mali yake. Akajenga nyumba ya watawa wanaume na nyumba tatu za masista, na kando ya njia akajenga nyumba ya wageni, kwa sababu Maria na Yosefu walifika mji ule wasipate mahali pa kulala. Alitoa hata alipokuwa hana tena cha kutoa, na alipokufa aliacha deni. Paula alijifunza Kiebrania vile vile, na kwa wepesi uliomshangaza Yeronimo. Aliimba zaburi kwa Kiebrania bila kusikika kwamba ni mtu wa Roma.

Yeronimo alikaa Betlehemu miaka 34. Hapo ndipo alipoanza kazi kubwa.

Agano la Kale la wakristu wa Roma lilikuwa tafsiri ya tafsiri. Lilitoka katika Kiebrania likaingia Kigiriki, likatoka Kigiriki likaingia Kilatini. Tafsiri ile ya Kigiriki ilianza kutengenezwa na Wayahudi wa Aleksandria katika Misri, miaka kama 250 kabla ya Kristu. Wakristu waliiheshimu sana, maana hata Mitume waliitumia. Tena watu walisimulia kwamba watafsiri wake 70 walifungiwa kila mtu chumba chake, na walipotoka, tafsiri zote zilikuwa sawa neno kwa neno. Basi, wakasema, Roho Mtakatifu aliwaongoza watafsiri kama alivyowaongoza manabii, na kuirudia Biblia ya Kiebrania hakuna faida.

Yeronimo hakukubali. Alisema habari ya vile vyumba ni hadithi tu, vitabu vya zamani kabisa havina habari hiyo. Na hata kama wazee wale walistahili heshima, kuwa nabii ni jambo moja, kuwa mtafsiri ni jambo jingine. Nabii hupokea kwa Roho wa Mungu. Mtafsiri hutumia elimu yake na wingi wa maneno yake, naye aweza kukosa. Hapo ndipo imani ya Yeronimo na jasho lake vilipokutana. Kwa kuwa aliamini kwamba Mungu alisema kwa vinywa vya manabii, aliona haifai kukisia manabii walisema nini. Lazima aende akaone.

Akatafuta walimu. Mmoja aliitwa Baraninas, Myahudi wa elimu. Alikuja kumfundisha usiku, kwa kuwa aliwaogopa wenzake, kama Nikodemo alivyokuja kwa Yesu usiku, na mshahara wake haukuwa mdogo. Rafiki za Yeronimo walinung'unika kwamba anajifunza kwa Wayahudi. Yeye hakujali, nani angemfundisha Kiebrania kama si Mwebrania? Alikwenda pia Kaisarea kusoma kitabu kikubwa cha Origene wa Aleksandria, ambamo Kiebrania na tafsiri za Kigiriki viliandikwa katika safu sita, mojamoja kando ya mwenzake.

Alianza karibu mwaka 390 na vitabu vya Samweli na vya Wafalme, akaendelea miaka kama 15. Vitabu vingine vilimchukua muda mrefu, vingine alivimaliza upesi. Kitabu cha Tobiti alikipata kwa lugha ya Kikaldayo asiyoijua vema. Akamtafuta mtu aliyejua Kikaldayo na Kiebrania. Mtu yule akasema kwa Kiebrania, Yeronimo akasema kwa Kilatini, na mwandishi akaandika. Kwa siku moja kitabu kikaisha. Kitabu cha Yuditi alikifanya usiku mmoja. Juu ya vitabu hivyo na vingine visivyokuwa katika Biblia ya Kiebrania, Yeronimo alikuwa na shaka, akadhani si vya kuhesabiwa pamoja na vile vingine. Hapo Eklezia haikumfuata. Maaskofu wa Afrika walipokusanyika Hippo mwaka 393, na Carthage mwaka 397, waliviweka katika orodha ya Maandiko Matakatifu. Kwa maana si mtu mmoja, hata akiwa na elimu namna gani, anayeamua ni kitabu kipi kimetoka kwa Mungu.

Zaburi nazo alizitafsiri kutoka Kiebrania, lakini watu hawakuzitaka. Walikuwa wamezoea kuimba zile za zamani.

Habari ya ajabu zaidi ilitokea Oea, mji wa Afrika ya kaskazini ambao leo huitwa Tripoli, katika Libya. Askofu wa mji huo alianza kusoma kanisani tafsiri mpya ya Yeronimo. Siku moja wakafika kitabu cha nabii Yona. Yona ameketi nje ya Ninawi katika jua kali, na Mungu anaotesha mmea umtilie kivuli. Katika tafsiri ya zamani mmea huo uliitwa mmung'unye, ule wa jamii ya maboga. Wote walijua hivyo, babu zao walijua hivyo. Sasa wanasikia hedera, mmea utambaao juu ya kuta. Makelele yakaanza, hasa kwa wale waliojua Kigiriki. Watu wakapaza sauti kwamba Maandiko yamegeuzwa. Askofu akalazimika kwenda kuwauliza Wayahudi wa mjini, nao wakasema katika Kiebrania ni kama ilivyokuwa zamani. Askofu yule akasahihisha neno, la sivyo angebaki bila waamini.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, ndiye aliyemwandikia Yeronimo habari hiyo mwaka 403. Yeronimo alikasirika, kisha akaeleza. Mmea wa Yona si mmung'unye wala si hedera. Ni mti mdogo unaoota upesi sana mahali pa mchanga, wenye majani mapana kama ya mzabibu, nao husimama wenyewe bila kuegemea kitu. Mtoto ye yote wa Kongo akisikia maneno hayo anaweza kuutaja mmea huo: ni mbarika, ule ambao mbegu zake hutoa mafuta. Lakini Yeronimo alisema kwamba Kilatini hakina jina lake. Yeronimo angeliweka jina la Kiebrania, wasomaji wangedhani ni mnyama wa Bara Hindi. Kwa hiyo aliweka hedera, akifuata watafsiri wengine wa Kigiriki. Wayahudi wa Oea, alisema, ama hawakujua Kiebrania, ama walitaka kuwafurahisha watu wa mmung'unye.

Na Augustino mwenyewe alikuwa na neno zito zaidi. Katika barua kwa Wagalatia Mtakatifu Paulo anaeleza kwamba katika Antiokia alimkemea Petro mbele ya wote, kwa sababu Petro aliacha kula pamoja na wakristu wasio Wayahudi. Yeronimo aliwafuata walimu wengine wa Kigiriki, akaandika kwamba Mitume hao wawili walijifanya tu: Paulo hakumkemea kweli, walipatana ili kuwafundisha watu. Augustino aliposoma hivyo alishtuka. Paulo ameandika kwamba Petro alikosa. Tukisema Paulo ameandika jambo asilolifikiri, basi kuna uongo katika Maandiko, na ukiruhusu uongo mmoja, kila mtu atachagua maneno asiyoyapenda na kusema kwamba nayo ni ya kujifanya.

Augustino alimwandikia, lakini barua ilipotea njiani, ikasomwa Italia kabla ya kufika Betlehemu. Yeronimo akasikia kwa watu kwamba kijana wa Afrika amemshambulia. Majibu yake yalikuwa makali. Augustino alivumilia, akaandika tena kwa upole, na mwaka 405 akamweleza jinsi asomavyo yeye. Vitabu vya watu wengine, hata wakiwa watakatifu, huvipima. Vitabu vya Biblia huviheshimu kwa namna nyingine. Akikuta ndani yake jambo linaloonekana si kweli, hufikiri ama mnakili amekosea, ama mtafsiri hakufahamu, ama yeye mwenyewe hajaelewa.

Kusoma barua ya namna hiyo kulikuwa kugumu kwa Yeronimo, aliyekuwa mkubwa kwa umri na kwa elimu. Lakini hasira yake ilikuwa kama moto wa majani makavu. Wakaandikiana tena kwa mapendo, wakasaidiana kupigana na mafundisho ya uongo ya Pelagius. Na karibu mwaka 415, katika kitabu juu ya Pelagius, Yeronimo alitaja kosa la Petro kuwa kosa, kama Paulo alivyoandika. Augustino alifurahi kuliona. Kwa rafiki wake wa ujana, Rufinus, mambo hayakwisha hivyo: waligombana juu ya mafundisho ya Origene, na Yeronimo alimtukana hata baada ya kufa kwake. Jambo hilo ni baya, wala halifai kufichwa kwa sababu ni la mtakatifu.

Mwaka 404, tarehe 26 Januari, Paula alifariki, akazikwa kanisani karibu na pango la Kuzaliwa. Yeronimo hakuweza kufanya kazi kwa huzuni. Baadaye akayasimulia maisha yake kwa Eustochium, mwandishi akiandika, usiku wa kwanza na wa pili, mpaka barua ikaisha. Mwaka uliofuata tafsiri ya Agano la Kale ikamalizika.

Mwaka 410 Wagoti waliuteka Roma. Marcella, mzee tayari, alipigwa na askari, akafa baada ya muda mfupi. Watu waliokuwa matajiri walifika Betlehemu bila kitu, wakiomba mkate mlangoni. Yeronimo alikuwa akiandika maelezo ya kitabu cha Ezekieli. Akakiweka kando, akawahudumia wageni, akaandika usiku kwa taa. Lakini macho yake yalikuwa yameharibika. Herufi ndogo za Kiebrania hakuziona vema hata mchana, na usiku hakuziona kabisa. Vitabu vya Kigiriki alisomewa na ndugu watawa.

Mwaka 416 kundi la watu wenye fujo lilivamia nyumba za watawa, likazichoma moto, shemasi mmoja akauawa. Mzee Yeronimo aliokoka kwa kukimbilia mnara. Miaka michache baadaye Eustochium naye akafa.

Yeronimo alifariki Betlehemu tarehe 30 Septemba 420, akiwa hajamaliza kueleza kitabu cha Yeremia. Alizikwa karibu na Paula, na baadaye mifupa yake ilipelekwa Roma, katika kanisa la Maria Mkuu. Wachoraji humchora na simba miguuni pake, kwa sababu ya hadithi ya simba aliyetolewa mwiba. Hadithi hiyo ni ya mtawa mwingine wa karibu na Yordani, Gerasimus, ambaye jina lake linafanana kidogo na lake. Humvika pia kofia nyekundu ya kardinali, ingawa siku zile makardinali wa namna hiyo hawakuwapo.

Tafsiri yake iliitwa Vulgata. Haikushinda mara moja. Zilipita karne mbili au tatu kabla ya watu wote wa Kilatini kuipokea. Karibu mwaka 1455 Gutenberg alipochapa kitabu chake kikubwa cha kwanza kwa mashine, alichapa Vulgata. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento ulithibitisha tena kwamba Mungu ndiye mwenye vitabu vyote vya Agano la Kale na Jipya, ukaagiza Vulgata itumiwe katika Eklezia ya Kilatini. Na katika kitabu cha nabii Yona, kwa zaidi ya miaka elfu, mapadri na watawa wa Ulaya walisoma bila kelele yo yote kwamba Mungu aliotesha hedera.